Semina ya walimu kuhusu Shaaban Robert: nilifungua kitabu, nikaambiwa nikifunge

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake: usilipe. Nimelipa mimi, inatosha.

Nazungumzia ile semina ya siku mbili ya walimu wa Kiswahili wa sekondari, inayosambazwa kwenye magrupu yetu ya WhatsApp kila likizo ikikaribia, kwa ahadi kwamba utatoka ukijua namna ya kumwingiza Shaaban Robert darasani. Ukilipa ada unapata mafunzo, mwongozo wa mwalimu, chai na cheti. Nilikwenda likizo moja iliyopita, kwa nauli yangu, maana shuleni nilipoomba niliambiwa fungu hakuna. Waandaaji siwataji. Walimu wenzangu mliokuwepo mnawajua, na wao wenyewe wakisoma hapa watajijua.

Kilichonipeleka ni wanafunzi wangu. Muulize mtoto wa kidato cha tatu Shaaban Robert ni nani, darasa zima litakujibu kwa pamoja kwamba ni gwiji wa Kiswahili. Muulize gwiji huyo aliandika nini, utasikia feni ya dari. Wale wa kidato cha tano na sita waliopangiwa riwaya yake ya Kufikirika nao wengi wanaisoma kwenye madesa, yale makaratasi ya muhtasari: dhamira hizi hapa, wahusika hawa hapa, ujumbe huu hapa, kariri, jaza, ondoka. Na wanafaulu! Hilo ndilo linaloniuma, kwamba mtu anaweza kupata alama nzuri kwa kitabu ambacho hajawahi kukishika. Nikasema huenda hawa watu wa semina wana dawa.

Siku ya kwanza tukafika mapema, tukaandikishwa, tukakabidhiwa mkoba wenye kalamu na mwongozo. Mwongozo umechapwa vizuri, karatasi nzito, picha ya Mzee Shaaban na kofia yake juu ya jalada. Nilifurahi, sitadanganya. Akaingia mwezeshaji mkuu na projekta yake. Kwa sababu utakazoziona, huyu nitamwita Majivuno.

Majivuno alianza vizuri tu. Maisha ya mwandishi: kuzaliwa 1909 upande wa Tanga, kusoma Dar es Salaam, kuajiriwa na serikali ya kikoloni kama karani wa forodha mwaka 1926. Sawa. Halafu ikaja slaidi ya Kusadikika, riwaya yake ya nchi ya kubuni iliyoko angani, na pale kwenye kipengele cha "muktadha" ikaandikwa kwamba riwaya hii inakosoa viongozi waliolisaliti Azimio la Arusha.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Imeandikwa vilevile.

Azimio la Arusha ni la 1967. Kusadikika ilitoka 1951, Mwingereza bado yupo na bendera yake inapepea. Mwandishi mwenyewe alifariki Juni 1962, uhuru haujatimiza mwaka. Huyu mzee alikosoaje usaliti wa azimio lililotangazwa miaka karibu mitano baada ya yeye kuzikwa?

Nikanyoosha mkono. Kwa adabu kabisa, maana nililelewa. Nikasema, "Samahani mwezeshaji, nadhani hapo kwenye miaka pamepotoka kidogo." Akasema tutafika huko. Hatukufika, slaidi ikabadilika. Nikanyoosha tena, na safari hii nilikuwa na nakala yangu mkononi, ile kuukuu niliyoibandika gundi mgongoni. Nikafungua kurasa za mbele zenye mwaka wa toleo la kwanza, nikaanza kusoma kwa sauti.

"Mwalimu, funga hicho kitabu," akanikata. "Hapa hatukuja kusoma riwaya. Tumekuja kujifunza mbinu, na tunakimbizana na muda." Kisha akawageukia wenzangu akicheka: "Kila semina huwa hakosi mmoja."

Ukumbi ukacheka. Watu ninaokaa nao kusahihisha mitihani ya mkoa, walicheka.

Sasa nyinyi mnaoijua Kusadikika mnaona nilivyoona mimi. Mle ndani Waziri Majivuno anamfikisha Karama barazani kwa kosa la kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria, yaani kosa la kutaka watu wajue. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na faida kwa nchi, na malipo yao yakawa kuadhibiwa. Lakini Karama alipewa siku sita za kusema! Huko angani, kwenye nchi ya kubuni yenye dhuluma za kila namna, mshitakiwa alisikilizwa siku sita. Mimi nimelipa ada, sikupewa hata aya moja.

Atakayesema nakuza jambo, mwaka tu umekosewa, mbona yeye mwenyewe huwa anakosea, nimjibu. Kosa lile linaua swali zuri kuliko yote katika kitabu kile: kwa nini nchi iwe angani? Mwanafunzi akijua kwamba aliyeandika alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, analala na kuamka kwa mshahara wao, na kitabu kinataka kupita mikononi mwao kabla ya kumfikia msomaji, analifikia jibu mwenyewe, na utaona uso wake unavyobadilika. Anaelewa kwamba mtu anaweza kusema jambo zito kwa kuliinua juu ambako mkubwa hataona kuwa ni yeye anayesemwa. Mwambie kitabu kimeandikwa baada ya Azimio, nchi ya angani inabaki kuwa pambo la hadithi za watoto. Na huyo ndiye mtu anayezunguka mikoani kutufundisha namna ya kufundisha!

Tangu hapo sikusikia vizuri. Labda kulikuwa na mazuri asubuhi ile, siwezi kuapa. Nakumbuka jedwali refu la wahusika, kila mmoja na kisanduku chake, "mhusika bapa", yaani asiyebadilika, "mhusika bapa", "mhusika bapa", kama orodha ya mahudhurio. Nakumbuka Siti binti Saad akipewa mstari mmoja, kwamba Shaaban Robert aliandika wasifu wake mwaka 1958. Basi. Mwanamke aliyeanza maisha akiuza vyungu, akaja kuwa sauti ya taarabu ya Unguja, akasafirishwa hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na baadhi ya sauti hizo zinasikika hata leo kwenye simu ya mkononi! Mwalimu mwenye spika ndogo anaweza kuwasikilizisha watoto kabla hajawafungulia ukurasa wa kwanza wa wasifu, nao wakamtamani mwenye sauti hiyo wajue habari zake. Mstari mmoja. Chai ya saa nne ilipewa muda mrefu zaidi, ingawa sambusa, niseme haki, zilikuwa moto na zimejaa nyama.

Jioni nilifunga mkoba nikitaka kurudi nyumbani. Kilichonizuia ni ada. Nilishalipa siku mbili.

Na hapa ndipo mambo yanaponivuruga, kwa sababu siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, saa ile kila mtu anasinzia, Majivuno alipata simu akatoka nje, akamwachia kipindi msaidizi wake. Binti mdogo, sidhani kama amefundisha miaka mingi, na siku nzima iliyotangulia kazi yake ilikuwa kubonyeza slaidi. Akazima projekta. Akauliza, "Walimu, nani ana kitabu chenyewe?"

Nilikiinua kile kitabu kama bendera.

Akakiomba, akatugawa. Kundi moja Baraza la Kusadikika, kundi moja la mashitaka, na makundi sita yaliyobaki kila moja likapewa mjumbe wake: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Kwa kuwa nakala zilikuwa chache mno, akawa anasoma yeye aya kwa sauti, polepole, sisi tunaandika yanayomhusu mjumbe wetu. Kisha kila kundi linasimama mbele ya Baraza kumtetea mtu wake kwa maneno ya kitabuni tu, ukiongeza lako la mtaani upande wa mashitaka unakukatiza. Jamani, walimu watu wazima walipandisha sauti. Mama mmoja ambaye tangu asubuhi alikuwa kwenye simu alimtetea Ridhaa hadi jasho likamtoka.

Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo madesa yametusahaulisha: nathari ya Shaaban Robert imeandikwa isikike. Zile sentensi zake ndefu zenye mizani, zinazokwenda mbili mbili kama zinapokezana, ukizisoma kimya kimya mtoto wa leo anachoka mstari wa tatu. Ukizisoma kwa sauti, msamiati mgumu unabebwa na mdundo, na maana nusu yake imefika kabla ya kamusi. Binti hakuhubiri hilo. Alisoma tu, tukasikia.

Nikalipeleka zoezi lile darasani kwangu, kidato cha tatu, mkondo ule unaosemwa vibaya ofisini. Nakala moja, watoto wamejaa hadi dirishani. Sijui nielezeje. Kijana ambaye huwa analala kipindi cha kwanza aliomba awe Majivuno, akashitaki kwa ufasaha hadi nikaogopa. Siku kadhaa baadaye wakaniuliza Karama alikuwa na mke? Wengine wakauliza kama huyu mzee ana kitabu kingine, nikawapa Adili na Nduguze, wanasomeana kwa zamu kwenye benchi la nje, wamefika pale Adili anapowacharaza wale manyani kila usiku na hawajui bado manyani ni akina nani. Nimewakataza waliomaliza wasiseme.

Kwa hiyo nirekebishe hukumu niliyoanza nayo. Usilipe, isipokuwa una hakika binti yule atafundisha. Kwa saa yake ile moja na nusu ningelipa ada yote tena, na nauli juu. Kwa kweli nikihesabu nilichopata darasani, ile semina imenifaa kuliko mafunzo kazini yote niliyokwenda kwa posho. Mtu akinibana nitasema nenda.

Nilikuwa tayari kuishia hapo, nina moyo mweupe kabisa. Kisha juzi nikaufungua mwongozo ili ninakili utaratibu wa zoezi kwa mwenzangu wa shule jirani. Haumo! Nimepekua mwanzo mwisho. Lile zoezi moja lililofanya kazi halimo kwenye mwongozo, kumbe binti alilibuni mwenyewe akiwa amekaa anabonyeza slaidi. Kilichomo ni mukhtasari wa kila riwaya, na chini ya kila mukhtasari maneno haya: "Mwalimu anaweza kutumia muhtasari huu pale vitabu vinapokosekana." Yaani desa, ila la karatasi nzito. Nilisafiri kukimbia madesa nikauziwa desa lenye picha ya marehemu. Kuhadithiwa Shaaban Robert ni kama kuhadithiwa pilau, tumbo halidanganyiki.

Na Azimio la Arusha limo, ukurasa uleule wa Kusadikika, limepigwa wino mzito.

Nikatoa na cheti kwenye faili nikiangalie vizuri, maana siku ile nilikipokea kwa hasira. Jina langu sahihi. Muhuri upo. Jina la mwandishi tuliyekuja kujifunza siku mbili limeandikwa "Shabani Roberts". Mkuu wa shule alikuwa ameshakitundika nakala yake ubaoni ofisini, nimekwenda kukishusha akanishangaa.

Kwa mwalimu mwenzangu anayefikiria kwenda, basi: piga simu kwanza, uliza nani anawezesha mchana wa siku ya pili. Ukiambiwa ni binti yule, nenda, fika baada ya chakula. Beba kitabu chako mwenyewe, usitegemee watakupa. Ukisikia ni bwana mkubwa peke yake, ile ada nunua nakala mbili tatu za Kusadikika uzipeleke darasani, uwasomee kwa sauti. Na ukifika ukakuta slaidi ile haijabadilishwa, nyoosha mkono, tuwe wawili.

Nyota ngapi? Nilitaka moja. Kwa ajili ya binti nikaweka nne. Baada ya kuusoma mwongozo nikashuka mbili, na sambusa zimo humo.

Niliwatumia waandaaji ujumbe wa heshima, pamoja na picha ya ukurasa wenye mwaka 1951. Walijibu haraka, hilo siwezi kuwalaumu. "Asante mwalimu kwa maoni yako mazuri. Karibu semina ijayo. Ada imeongezeka kidogo."