Hoteli ya Kisomali Eastleigh: wali wa mbuzi, chai ya ngamia na swali la Linda Nchi

Napea hii hoteli nyota nne kwa tano. Ile moja nimetoa juu ya mahali pa kunawa, maji yalikuwa yameisha na mtungi umewekwa kona ya mbali huko nyuma, mengine yote niko sawa nayo kabisa. Shuka matatu ya namba 6 ama 9 alafu uulize Jam Street, iko ghorofa ya kwanza juu ya maduka ya vitambaa.

Ukikaa tu unaletewa supu, hulipii, ndimu iko kando, pilipili ya kijani iko, na ndizi. Ndizi inakuliwa pamoja na wali, usiiweke ya mwisho. Wali wa mbuzi ni 500 na kama huna njaa kali mnaeza kula wawili, nyama ni laini na mafuta hayajazidi. Chai ya maziwa ya ngamia 100, ina ule moshi kidogo wa chombo kilichofukizwa, kuna watu hawapendi, mimi naipenda sana.

Lakini kitu kinanirudisha huko ni ile meza ndefu ya dirishani, Jumamosi baada ya alasiri. Wanakaa wazee wa mtaa, madereva wa njia ya Garissa, wanafunzi, na sisi watu wa bara tumetoka kununua vitu, na hakuna mtu anafukuzwa ati chai imeisha. Wiki jana kijana mmoja wa chuo aliuliza tu hivi, kwani Kenya iliingia Somalia 2011 kwa nini haswa, ile operesheni ya jeshi ya Linda Nchi dhidi ya Al-Shabaab? Meza yote ikanyamaza kidogo alafu ikawaka.

Mimi nilisema kile tuliambiwa wote. Septemba mwanamke Mwingereza akatekwa Kiwayu huko Lamu na bwanake akauawa, tarehe 1 Oktoba Mfaransa akachukuliwa kisiwa cha Manda, Lamu hiyo hiyo, tarehe 13 wafanyakazi wawili Wahispania wa MSF, wale Madaktari Wasio na Mipaka, wakatekwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab, na siku chache tu baadaye jeshi limevuka mpaka. Mzee wa miwani hapo mbele yangu akaniuliza polepole, "Kijana, wewe ukiwa na harusi unapanga na siku ngapi? Na hii ni vifaru na ndege." Na ako sawa, juu hata Alfred Mutua aliyekuwa msemaji wa serikali wakati huo alikubali kwamba hiyo operesheni ilikuwa kwa mipango kitambo. Mzee akaongeza kuwa 2009 Human Rights Watch walikuwa wameshaandika venye vijana wanaandikishwa jeshi kutoka kambi za Dadaab, na huo mpango wa kuweka eneo la Jubaland, kusini mwa Somalia, hapo katikati kama ukuta ulikuwa unazungumzwa miaka kabla ya mtalii yeyote kutekwa.

Dereva mmoja alikataa. Alisema kama ni mipango ya miaka, mbona waingie Oktoba na mvua za vuli ziko mlangoni? Yeye njia za huko anazijua, alituonyesha kwa mkono venye gari inazama kwa ule udongo mweusi, na ni ukweli wanajeshi walikwama kwa matope wiki za kwanza na safari ya kufika Kismayu, mji wa bandari wa kusini mwa Somalia, ikachukua karibu mwaka mzima, hadi mwisho wa Septemba 2012. Hii hoja ilinishika na bado nimeifikiria wiki nzima. Naona wote wawili wana haki: mpango ulikuwa wa zamani, tarehe ndio ilikuwa ya haraka, utekaji ulifungua mlango ambao ulikuwa umeshatengenezwa. Na hapo ndipo mimi nakasirika juu sisi wananchi tulionyeshwa mlango tu.

Alafu kuna Lamu. Machi 2012 Kibaki alizindua mradi wa LAPSSET huko pamoja na Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini, bandari, bomba la mafuta, reli, sasa nani ataweka pesa zake hapo na Al-Shabaab wako karibu hivo? Mambo ya makaa pia yakaingia, Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku makaa ya Somalia Februari 2012 lakini wachunguzi wake wenyewe wakaandika kwamba makaa iliendelea kutoka Kismayu hata baada ya jeshi letu kufika. Mimi siamini vita ilianza juu ya makaa, hiyo naona ilikuja baadaye, watu wakishafika mahali pesa iko. Na hofu ilikuwa ya kweli pia jamani, Nairobi ililipuliwa 1998 na Kikambala 2002, siwezi kusema usalama ulikuwa uongo mtupu.

Yule kijana wa chuo ndiye alisema kitu cha maana kuliko sisi wote. Katiba ya 2010, kipengele cha 95, inasema Bunge ndilo linaidhinisha kutangaza vita, na Bunge lilikuja kupiga kura ya jeshi kujiunga na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia, Disemba 2011, wanajeshi wako ndani karibu miezi miwili. Haya maswali yetu yangeulizwa huko kwanza, kwa sauti, kabla ya Al-Shabaab kuvamia kambi ya jeshi letu El Adde, Somalia, na kabla ya chuo kikuu cha Garissa na wale watu 148 waliouawa. Jirani yetu nyumbani alipoteza mtoto El Adde, Januari 2016, na mpaka leo serikali haijawahi kusema wazi walikufa wangapi. Nilisema hivyo mezani na mzee wa miwani akanishika mkono, akaniambia na wao Wasomali walikuwa na watu wao uwanja wa Kasarani 2014 wakati wa ule msako wa polisi wa Usalama Watch, kitambulisho mfukoni na bado umefungiwa uwanjani. Tulinyamaza wote hapo.

Waita akaleta chai nyingine bila kuagizwa, na hiyo hakuitia kwa bili.

Ijumaa mchana wanafunga kwa swala, M-Pesa wanachukua, na kama unataka meza ya dirishani fika kabla ya saa kumi.