Kazi ya vakansi Bukavu: kufundisha watoto au kupima maji?

Kijana anayetafuta kazi ya vakansi yenye posho, ya kuelimisha watu kuhusu mito na ziwa letu, ana njia mbili.

Kufundisha ndiko kugumu, na mimi ndiko ningeenda. Unawapeleka watoto wa mtaa wa Kadutu kando ya mto Kawa, mnafuata safari ya chupa moja ya plastiki: mtaro, Kawa, Ziwa Kivu, halafu mto Ruzizi, ambako takataka huziba mitambo ya bwawa na umeme unakatika. Mtoto anayesoma kwa mshumaa haelezwi mara mbili. Ila uwe na sauti na uvumilivu (mama zao watakuuliza taka wazitupe wapi basi, na wana haki).

Kupima maji kunawafaa wakimya: chupa safi, daftari, saa ileile kila asubuhi. Utatoka na ujuzi wa kuandika kwenye CV. Shida ni msimu. Julai na Agosti ni kiangazi. Udongo unaoteremka milimani hutauona mpaka mvua irudi, na wakati huo mkataba umekwisha.

Kokote uendako, kabla ya kutia sahihi uliza: posho inatoka kila wiki au mwishoni, na nauli ya pikipiki analipa nani?