Nani Atakufundisha Kuigiza? Tathmini ya Walimu wa Sanaa za Maonyesho wa Mlimani

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, hunijia wanafunzi wangu wa zamani wawili au watatu kuniuliza kuhusu shahada ya sanaa za maonyesho. Huuliza ada, huuliza kama Bodi ya Mikopo itawakumbuka, na wazazi wao huuliza ajira. Swali ambalo kwangu ndilo la kwanza karibu hawaliulizi: huyo atakayekufundisha amefanya kazi gani kabla ya kusimama mbele ya darasa? Katika tathmini hii nalichukua swali hilo peke yake na kulipeleka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kwa sababu historia ya walimu wake wa fani hii imeandikwa, tamthilia zao zimechapishwa, na mtu yeyote mwenye nia anaweza kuifuatilia kazi yao kwa miaka zaidi ya hamsini.

Nieleze kwanza kwa nini swali hili linanigusa. Nilipokuwa kijana nilihudhuria kozi ya uigizaji katika chuo ambacho sitakitaja. Mwalimu wetu alikuwa mpole na vyeti vyake vilikuwa vizuri, lakini hakuwahi kupanda jukwaani wala kuongoza mchezo wowote. Muhula mzima tulinakili fasili. Siku moja mwenzetu aliuliza mikono aiweke wapi wakati mhusika mwingine anazungumza, akaambiwa asome kablasha, ukurasa wa saba. Mtihani niliufaulu kwa alama za juu. Miezi michache baadaye, nilipopewa kikundi cha maigizo cha shule nikiongoze, nikagundua kwamba sijui hata namna ya kuwapanga watu wawili jukwaani ili wote waonekane na hadhira. Tangu wakati huo, ninapopewa wasifu wa mwalimu wa sanaa, vyeti navisoma mwisho.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961, na sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa hapo katika nusu ya pili ya muongo huo. Walimu wa mwanzo walitoka nje; miongoni mwao alikuwa Herbert Shore wa Marekani. Walikuja na ufundi wa jukwaa la Magharibi: matumizi ya sauti, taa, mandhari, maleba, uchambuzi wa matini. Wakati huo michezo iliyoonyeshwa kwa utaratibu mjini ilikuwa hasa ya Kiingereza, ikichezwa na wageni kwa ajili ya wageni wenzao. Kama mambo yangebaki hivyo, tungekuwa na idara nzuri ya kufundisha sanaa za watu wengine. Kilichoigeuza ni kwamba ndani ya miaka michache wanafunzi wa kwanza wakawa walimu wenyewe, na kila mmoja wao alileta kitu ambacho hakikuwamo katika mizigo ya wale waliotangulia.

Ebrahim Hussein alizaliwa Kilwa mwaka 1943, si mbali na milima ya Umatumbi ambako Vita vya Maji Maji vilianzia mwaka 1905. Alianza kuandika tamthilia akiwa mwanafunzi hapo hapo chuoni, na mwaka 1969 ikachapishwa Kinjeketile, tamthilia yake kuhusu vita hivyo, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni na wengine wetu bado tunaifundisha. Miaka miwili baadaye ikafuata Mashetani. Uzamivu aliufanya Berlin Mashariki, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, kwa tasnifu kuhusu maendeleo ya sanaa za maonyesho Afrika Mashariki. Naomba msomaji aangalie mpangilio huo: tamthilia zilitangulia, uzamivu ukafuata. Aliporudi kufundisha alikuwa mtu aliyekwisha kuhangaika mwenyewe na swali la kumfanya mhusika wa kihistoria aseme Kiswahili kinachoaminika jukwaani, na nadharia aliyoisoma Ujerumani ilikuta kitu cha kujibishana nacho. Aliacha kazi ya chuo mwaka 1986, na kwa maoni yangu pengo aliloacha halikupata wa kuliziba.

Penina Mlama, ambaye vitabuni tunamjua kwa jina la Penina Muhando, ndiye ninayemkumbuka kwanza mtu anaponiuliza mwalimu kamili wa fani hii anafananaje. Alizaliwa Berega, Kilosa, mwaka 1948. Kati ya 1972 na 1975 alichapisha tamthilia nne, moja kila mwaka: Hatia, Tambueni Haki Zetu, Heshima Yangu na Pambo, zote kwa Kiswahili, wakati ambapo mwandishi msomi wa Afrika alitarajiwa aandike Kiingereza ili asikike. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoikamilisha Dar es Salaam mwaka 1983, ilihusu sanaa za jadi za Wakaguru kama chombo cha kufundishia. Alirudi nyumbani, kwenye ngoma ya digubi na mafunzo ya unyago, akauliza bibi zetu walitumia mbinu gani kumfundisha binti utu uzima kwa wimbo, mchezo na maigizo. Kwa mwalimu wa sanaa, utafiti wa namna hiyo ni mafunzo ya kazi, kwa sababu unamlazimu akae chini, atazame, acheze, na akubali kwamba mwenye ujuzi ni yule kungwi aliye mbele yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa idara hiyo, yeye akiwa mmoja wao, walikwenda Malya, wilayani Kwimba, kufanya sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Hawakwenda na mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza ni jambo gani linawasumbua, na suala la wanafunzi wa kike kupata mimba likajitokeza. Kisha igizo likatengenezwa na wenyeji kwa ngoma na nyimbo zao, likaonyeshwa, na mjadala ukafuata palepale uwanjani. Ninaikazia Malya kwa sababu hapo ndipo sifa ya mwalimu inapopimwa mbali na ukumbi wenye viti na taa. Mwongozaji aliyezoea kuamuru hujikuta hana la kuamuru. Inabidi ajue kusikiliza, ajue kushika mdundo wa ngoma asiyoizoea, ajue ni saa ngapi watu wanatoka shamba. Mafunzo ya Malya na ya miradi mingine Mlama aliyaweka katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo, na mwaka 1996 ukaanzishwa mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari walitumia maigizo kutaja kwa sauti yao wenyewe vikwazo vinavyowazuia kusoma. Baadaye mbinu ya Tuseme ilichukuliwa na FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika ambalo Mlama aliliongoza akiwa Nairobi, na ikaenea katika shule za nchi nyingine za bara hili. Mwanafunzi aliyepata bahati ya kufundishwa na mtu mwenye safari kama hiyo amefundishwa na mwandishi, mtafiti na kiongozi katika chumba kimoja.

Wa tatu ni Amandina Lihamba, aliyezaliwa mwaka 1944. Kama Hussein ni kalamu na Mlama ni kijiji, Lihamba ni mwili wa mwigizaji. Wengi waliomwona katika filamu ya Maangamizi, iliyokuwa ya kwanza kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Oscar cha filamu za lugha za kigeni, hawajui kwamba yule mwanamke aliyewashika kwa ukimya wake alikuwa profesa wa chuo kikuu. Ameandika pia: Hawala ya Fedha ya mwaka 1980, aliyoijenga juu ya kazi ya Msenegali Sembène Ousmane, na Mkutano wa Pili wa Ndege ya mwaka 1992. Pamoja na Mlama na Ndyanao Balisidya aliandika Harakati za Ukombozi. Tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, ilichunguza siasa na sanaa za maonyesho nchini baada ya Azimio la Arusha. Katika miaka ya 1990 yeye na Mlama waliweka nguvu nyingi katika maonyesho ya watoto. Mwalimu anayeweza kukwambia jinsi ya kukaa kimya mbele ya kamera, kisha akakaa sakafuni na watoto wa shule ya msingi akajenga nao hadithi kuanzia kwenye "Paukwa!", ni wa thamani kubwa kuliko tunavyokiri.

Nimewataja watatu, lakini hawakuwa peke yao. Elias Songoyi, kwa mfano, alileta chuoni ujuzi wa ngoma na waimbaji wa Usukumani, na utafiti wake kuhusu msanii na dola unapaswa kusomwa na kila anayetaka kuimba mbele ya viongozi. Emmanuel Mbogo, mwandishi wa Ngoma ya Ng'wanamalundi, naye ni mwandishi wa tamthilia aliyefundisha vyuo vikuu.

Sasa nieleze kinachonitia wasiwasi, na hili nalisema kuhusu mfumo wa vyuo vikuu vyetu kwa jumla. Njia ya kawaida ya kuwa mhadhiri ni hii: mwanafunzi aliyefaulu vizuri sana katika shahada ya awali anabakizwa kama mkufunzi msaidizi, anapelekwa umahiri, anapelekwa uzamivu, anarudi. Kwa fizikia njia hiyo inaweza kutosha. Kwa uigizaji inaweza kumtoa mwalimu ambaye maisha yake yote ya utu uzima yamepita darasani, na ambaye jukwaa analijua kwa michezo ile michache ya mitihani. Kupanda cheo nako hutegemea sana makala katika majarida ya kitaaluma, ilhali mwongozaji anaweza kutumia miezi minne kutengeneza onyesho moja ambalo halitakuwa na ukurasa wa kuambatisha kwenye fomu. Kizazi cha Mlama na Lihamba kilifanya yote mawili kwa juhudi ambazo si haki kuzitegemea kwa kila mtu.

Tena, hata mwalimu kijana mwenye hamu ya kufanya kazi nje ya chuo aende wapi? Vikundi vya sanaa vya taifa vilivyoanzishwa baada ya uhuru vilikwisha kuvunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa mwaka 1981. Hatuna kundi la kudumu la maigizo linalolipa mishahara ya waigizaji na waongozaji mwaka mzima. Kwa hiyo waliokuja baadaye walipata uzoefu pale ambapo kazi ilikuwapo: kwanza katika miradi ya wafadhili kuhusu Ukimwi, afya ya uzazi na haki za wanawake, kisha katika filamu na tamthilia za televisheni. Hili linaonekana katika mafunzo yenyewe, kwani siku hizi sanaa za maonyesho Mlimani zimo katika Idara ya Sanaa Bunifu, pamoja na filamu na muziki. Uzoefu wa miradi una faida zake; humfundisha mtu kufanya kazi na jamii, kwa bajeti ndogo na muda mfupi. Lakini mradi huja na ujumbe ulioamuliwa kabla, na mtu aliyelelewa na ujumbe huweza kusahau kumfundisha mwanafunzi kuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hana jibu lake. Kinjeketile haikuandikwa kwa namna hiyo.

Kwa kulinganisha, Makerere nao wana urithi wa aina hii. Kundi lao la maonyesho ya kusafiri lilianza mwaka 1965, likizunguka na michezo ya lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, na marehemu Rose Mbowa aliyekulia katika utamaduni huo alikuwa mwigizaji, mwandishi na mwalimu kwa pamoja hadi alipofariki mwaka 1999. Bagamoyo, ambayo leo inaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ilichukua njia nyingine: iliwapa kazi ya kufundisha mabingwa wa ngoma na ala ambao elimu yao ilitoka kwa wazee wao, kama marehemu Hukwe Zawose, mpigaji wa zeze na ilimba kutoka Dodoma. Chuo kikuu hakiwezi kwa urahisi kumwajiri mtu kama huyo kuwa mhadhiri, na hiyo ni hasara ya chuo kikuu.

Hukumu yangu basi ni hii. Anayetaka kuandika tamthilia, kuongoza, kufanya sanaa na jamii au kuitafiti, nampendekezea Mlimani bila kusita, kwa sababu humo mna mapokeo ya walimu wenye kalamu, jukwaa na vumbi la kijijini miguuni, na wanaofundisha leo wamerithi mapokeo hayo moja kwa moja. Anayetaka hasa ngoma, sarakasi au ala za jadi aende Bagamoyo kwanza, shahada itamsubiri. Na popote atakapokwenda, asome wasifu wa walimu wake kuanzia chini: aangalie michezo waliyoiongoza, ilionyeshwa wapi, mara ya mwisho lini, na nani alikuwa hadhira. Idara ikiwa na onyesho la wanafunzi, aende alitazame kabla ya kujaza fomu, akae mstari wa nyuma kabisa, asikilize kama maneno ya mwisho wa kila sentensi yanafika hapo alipo.