Mwani gani ununue Mombasa: wa faluda, wa supu au wa kopo

Mwani hugawanywa kwa rangi: mwekundu, wa kahawia na wa kijani. Macho yasikudanganye, lakini; nori, ile karatasi nyeusi ya kufungia sushi, ni ya ukoo mwekundu.

Kwa nyumba ya Mombasa, naweka agari mbele, ile chaina grasi ya faluda. Hutolewa kwenye mwani mwekundu. Ukiichemsha huyeyuka, ikipoa kufikia nyuzi 40 hivi huanza kuganda, na ikishaganda haiyeyuki tena mpaka karibu nyuzi 85. Kwa hiyo faluda husimama mezani hata joto la kaskazi likizidi, wakati jeli ya jelatini imeshakuwa maji. Tena jelatini ni ngozi na mifupa ya wanyama, na si kila pakiti inakwambia mnyama gani. Agari ya unga hupimika vizuri kuliko ya nyuzi: kijiko kidogo kwa kikombe cha maziwa.

Wa pili ni mwani mkavu wa akina mama wa Kwale, pande za Kibuyuni na Shimoni. Aina zake ni mbili: spinosamu huganda laini, kotoni huganda ngumu. Unga mweupe juu yake ni chumvi tu, usiuogope. Ogopa mchanga na harufu ya kuoza. Osha maji kadhaa, loweka, kisha tia kwenye supu au mchuzi. Sabuni yake inunue kwa kuwa unaipenda, si kwa tiba.

Spirulina, ule unga wa kijani wa kopo, naiweka ya tatu, ingawa ndiyo inayosifiwa zaidi. Kitaalamu ni bakteria wa kijani-bluu, chakula cha heroe wa Ziwa Bogoria. Protini yake ni kama asilimia 60 ya uzito mkavu, ndiyo, lakini gramu 5 zinakupa gramu 3 tu, nusu ya yai. Vitamini B12 yake nyingi mwili hauitumii. Ukinunua, chagua kopo linalosema limepimwa sumu.

Klorela, mwani mdogo sana wa kijani unaouzwa kama unga, ina ukuta mgumu wa seli. Isipoandikwa kwamba ukuta huo umepasuliwa, iache.

Wa mwisho ni wa kahawia, kama kombu, mwani wa supu za Kijapani. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini ya joto (iodini) kwa siku, na chumvi yetu ya dukani tayari inayo. Kipande kidogo cha kombu kinaweza kukipita kiasi hicho mara kadhaa. Mwenye tatizo la tezi ya shingo amuulize daktari kabla ya kukigusa.