Nyumba iliyomlea wakili: uhakiki wa My Beloved World cha Jaji Sonia Sotomayor

My Beloved World ni kitabu cha kumbukumbu cha Jaji Sonia Sotomayor wa Mahakama ya Juu ya Marekani, kilichotolewa na Knopf mwezi Januari 2013, kwa Kiingereza na kwa Kihispania kwa pamoja. Atakayekifungua akitafuta siri za majaji tisa wa Washington hatazipata, kwa sababu simulizi linakoma mwaka 1992, mwandishi alipokuwa jaji wa mahakama ya shirikisho jijini New York, miaka 17 kabla ya Rais Obama kumteua kuingia Mahakama ya Juu. Kinachosimuliwa humu ni jinsi binti wa wahamiaji kutoka Puerto Rico, aliyezaliwa Bronx, jijini New York, mwaka 1954 katika familia yenye kipato kidogo, ulevi na maradhi, alivyofika kwenye kazi ya sheria. Ninafundisha vijana wa sekondari ambao kila mwaka huniuliza mtu anafanya nini ili awe wakili, na kati ya vitabu vyote nilivyowahi kuwapa, hiki ndicho ninachokiamini zaidi.

Kitabu kinaanza na ugomvi. Mtoto wa miaka saba amegunduliwa kuwa na kisukari, naye anahitaji sindano ya insulini kila siku. Baba, ambaye mikono yake inatetemeka kwa sababu ya pombe, anaogopa kumchoma. Mama, ambaye ni muuguzi na anafanya zamu ndefu hospitalini, anamlaumu kwa kutojifunza jambo ambalo uhai wa mtoto wao unalitegemea. Mtoto anawasikia wakizozana. Anafikiri pia juu ya nyumba ya bibi yake, mahali anapopapenda kuliko pote duniani, na anatambua kwamba hataweza kulala huko iwapo kila sindano itawategemea wazazi hawa wawili. Ndipo anapovuta kiti hadi penye jiko la gesi, kwa kuwa kimo chake hakifiki, na mama yake, akishangaa, anamfundisha kuwasha moto, kuchemsha bomba la kioo pamoja na sindano yake, kusubiri vipoe na kujichoma mwenyewe. Enzi hizo sindano za kutumia mara moja na kutupa hazikuwa zimeenea kama zilivyo leo, kwa hiyo mwanafunzi huyu wa shule ya msingi alilazimika kuanza kila siku kwa kazi iliyotaka utulivu na mpangilio kabla hajavaa sare.

Mwandishi mwingine angeishia hapo na kutuambia kwamba ujasiri ulizaliwa siku ile. Sotomayor anatwambia jambo gumu zaidi: siku ile alijifunza kwamba watu wazima wanaokupenda kwa dhati wanaweza kushindwa kukusaidia, na kwamba ni lazima mtu ajue mapema ni nani anayetegemeka na katika jambo gani. Hamchukii baba yake. Anamkumbuka kama mtu mpole aliyejua kupika, aliyefanya kazi kiwandani, aliyeishia darasa la tatu na asiyejua Kiingereza. Pombe ilimmaliza polepole, naye akafariki akiwa na miaka 42, binti yake akiwa na miaka tisa.

Sura zinazofuata kifo hicho ndizo nilizozisoma zaidi ya mara moja, na kwa maoni yangu ndizo zinazobeba kitabu kizima. Mama, Celina, ambaye kwa miaka mingi alionekana kumkimbia mumewe kwa kuchukua zamu za usiku, anajifungia chumbani gizani kila arudipo kazini, na watoto wanaishi na ukimya wake kwa miezi. Sonia na mdogo wake wanapika, wanafua, wanaenda shule, wanarudi, na mlango bado umefungwa. Hatimaye binti anaugonga mlango ule kwa ngumi na kupiga kelele kwamba imetosha, na kwamba mama akifa naye wao watabaki na nani. Kesho yake nyumba inabadilika: mapazia yamefunguliwa, mama amevaa vizuri, redio inalia. Wanaanza kuongea Kiingereza nyumbani, jambo ambalo lilipandisha alama za watoto shuleni. Mwanamke huyo huyo ananunua kwa mkopo, kwa kulipa kidogo kidogo, seti nzima ya Encyclopaedia Britannica, katika mtaa wa nyumba za serikali ambamo hakuna jirani mwingine aliyekuwa nayo, na anawalipia watoto karo ya shule za Kikatoliki kutokana na mshahara wake wa uuguzi. Baadaye anarudi chuoni ili apate cheti cha juu zaidi cha kazi yake, na mama na watoto wanasomea mezani pamoja. Wapo wazazi wengi huku kwetu waliouza kiwanja au ng'ombe ili mtoto asome, na nadhani watamtambua Celina mara moja.

Lakini mwandishi hakuridhika na kumsifu mama yake. Anakiri kwamba kwa miaka mingi alimhesabu kuwa mama baridi, asiyekumbatia, aliyemwacha mtoto mgonjwa na baba mlevi. Akiwa mtu mzima anaketi naye na kumuuliza maisha yake yalikuwaje, na kwa mara ya kwanza anasikia kwamba Celina mwenyewe alifiwa na mama yake akiwa mtoto, baba yake akaitelekeza familia, akalelewa na ndugu zake wakubwa, kisha akaondoka Puerto Rico akiwa kijana kwa kujiunga na kikosi cha wanawake katika jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtu ambaye hakuwahi kukumbatiwa alikuwa amejitahidi kulea bila kuonyeshwa mfano. Hapo binti anaitengua hukumu aliyoitoa utotoni. Kwangu mimi hakuna mahali kitabuni ambapo tabia ya mwanasheria inaonekana wazi kuliko hapa, maana amesikiliza ushahidi ambao hakuwa nao mwanzoni na akakubali kwamba uamuzi wake wa kwanza ulikosa upande mmoja.

Njia yenyewe ya kuelekea kwenye sheria inasimuliwa kwa wepesi unaopendeza. Msichana alikuwa msomaji wa hadithi za Nancy Drew, msichana mpelelezi, na alitaka kuwa mpelelezi, hadi aliposoma kwenye kijitabu cha wagonjwa wa kisukari orodha ya kazi zisizowafaa watu kama yeye, na kazi ya upolisi ikiwamo. Akageukia televisheni, ambako mchezo wa Perry Mason ulimwonyesha wakili akiwatetea watu walioshtakiwa bila hatia. Kilichomvutia si Mason peke yake. Alimtazama pia mwendesha mashtaka aliyeshindwa kila wiki na bado akaridhika pale asiye na hatia alipoachiwa, na akamtazama jaji, ambaye hata Mason mwenyewe alilazimika kumwomba ruhusa. Mtoto aliyekuwa na umri wa darasa la tano kuliona hilo ni jambo la kushangaza, lakini ukishasoma kurasa zilizotangulia unaelewa: aliyekulia katika nyumba yenye kelele hujifunza haraka ni nani mwenye neno la mwisho.

Nyumba ya bibi nayo ina sehemu yake. Kila Jumamosi ndugu wote walikusanyika huko, wazee wakicheza dhumna, muziki ukipigwa, na usiku ukikomaa bibi alisimama na kughani mashairi ya kisiwa alichokiacha, watu wazima wakafuta machozi. Jina la kitabu limetoka katika shairi la José Gautier Benítez, mshairi wa Puerto Rico wa karne ya 19. Msomaji aliyewahi kusikia utenzi ukighaniwa barazani hatahitaji maelezo kwa nini kumbukumbu hiyo ilimkaa mwanasheria huyu hadi uzeeni, wala kwa nini alipoingia chama cha midahalo shuleni alijua tayari kwamba maneno yanayosemwa vizuri huwashika watu.

Katika nyumba hiyo hiyo alikuwapo binamu yake wa rika moja, mvulana ambaye familia nzima ilikubaliana kwamba ndiye mwenye akili zaidi. Walikua pamoja, wakala meza moja, wakapendwa na bibi yule yule. Binamu akaingia kwenye heroini na akafariki kwa UKIMWI kabla ya kutimiza miaka 30, wakati Sonia alikuwa tayari mwanasheria. Jaji anajiuliza waziwazi kilichowatenganisha ni nini. Anataja ukaidi wake mwenyewe, anataja hatari za mtaani ambazo wavulana waliachwa wazikabili peke yao huku wasichana wakilindwa, lakini hajidai kuwa na jibu kamili. Ninaheshimu sana sura hiyo. Wapo wasimuliaji wengi wanaotufanya tuamini kwamba dhiki humjenga kila anayepitia humo, na wanafunzi wangu walioona ndugu zao wakipotea wanajua kwamba si hivyo. Kitabu hiki hakiwadanganyi.

Tena kinasema bila aibu jinsi ya kuomba msaada. Katika shule ya msingi Sonia alimfuata mwanafunzi aliyeongoza darasa na kumuuliza anasomaje, na binti yule, kwa ukarimu, akamweleza namna ya kuandika muhtasari. Aliyemhimiza kuomba nafasi katika vyuo vikubwa alikuwa rafiki aliyemtangulia mwaka mmoja. Alipoingia Princeton mwaka 1972, miaka mitatu tu baada ya chuo hicho kuanza kupokea wanawake katika shahada ya kwanza, insha yake ya mwanzo ilirudi na alama ya C, akagundua kwamba Kiingereza chake kilifuata miundo ya Kihispania na kwamba hakujua kujenga hoja. Alinunua vitabu vya sarufi vya watoto wa shule na kujifundisha wakati wa likizo. Mwaka 1976 alihitimu kwa heshima ya juu kabisa na tuzo ya Pyne, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote wanazopewa wahitimu wa chuo hicho. Anakubali kwamba mpango wa kuwapa nafasi wanafunzi wa jamii zilizobaguliwa ndio uliomfungulia mlango, na anaeleza jinsi alivyokabiliana na wakili wa kampuni moja aliyekuja Yale, chuo ambako Sonia alisomea sheria, kutafuta waajiriwa, na ambaye alimuuliza mezani kama angepata nafasi chuoni iwapo asingekuwa Mpuerto Rico. Alilalamika rasmi, na kampuni ile ikalazimika kuomba radhi.

Ninachowataka wanafunzi wasome kwa makini zaidi ni kipindi chake katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa Manhattan, iliyoongozwa na Robert Morgenthau, alikoanza kazi mwaka 1979. Katika mahakama hizo hatia huamuliwa na jopo la wananchi wa kawaida, na wakili huyu kijana, aliyepanga hoja zake vizuri sana, alishindwa katika kesi ambazo hakupaswa kushindwa. Mkuu wake alimweleza kwamba anawapa wananchi wale mantiki peke yake, ilhali anahitaji wahisi kwamba ni wajibu wao wa kimaadili kutoa uamuzi. Hapo anarudi kwenye nyumba yake. Mtoto aliyejifunza kusoma uso wa baba mlangoni ili ajue jioni itakuwaje, na kupima ukimya wa mama, alikuwa na kipaji cha kutambua hisia za watu ambacho chuo kilimfundisha kukificha. Alipokirudisha mahakamani akaanza kushinda. Huo ndio uhusiano kati ya malezi na kazi ambao nilikuwa nautafuta, nao umeonyeshwa katika tendo lenyewe la uwakili.

Kasoro zipo. Theluthi ya mwisho inakimbia: ndoa yake inafika na kuvunjika katika kurasa chache, na miaka yake katika kampuni binafsi ya mawakili, alikolinda alama za biashara na kusimamia misako ya mikoba bandia ya Fendi, inasomeka kama taarifa ya kazi. Shukrani kwa walimu na walezi wa kitaaluma zinarudiwa hadi nyuso zao zinaanza kufanana. Kubwa zaidi, mwandishi, kwa kuwa bado yuko kwenye kiti cha jaji, anajizuia kusema anavyoitazama sheria yenyewe. Tunajua alivyopata kupenda haki, lakini hatusikii anafikirije pale sheria iliyoandikwa inapomuumiza maskini aliyesimama mbele yake, na hilo ni swali ambalo mtu aliyetoka Bronx angeweza kulijibu vizuri kuliko wengi.

Kwa anayenunua, toleo kamili linamfaa msomaji wa kidato cha tano na kuendelea anayekimudu Kiingereza. Lugha yake ni nyepesi na sura ni fupi. Kwa wadogo kuna toleo lililofupishwa la mwaka 2018, The Beloved World of Sonia Sotomayor, ambalo nimeliona likisomwa na watoto wa miaka 12 bila shida. Toleo la sauti limesomwa na Rita Moreno, mwigizaji ambaye naye alizaliwa Puerto Rico, na majina ya vyakula, nyimbo na watu wa nyumba ya bibi yanatamkwa inavyopaswa. Mzazi asiye na muda wa kusoma chote aanze na sura za kifo cha baba na mlango uliofungwa, kisha aruke hadi pale mama anapohojiwa na binti yake. Na mwanafunzi anayejiandaa kwa mashindano ya mahakama za mfano aende moja kwa moja kwenye sura za ofisi ya mashtaka, akiwa na kalamu mkononi.