Mtoto kutolewa damu huku ananyonya: uzoefu wangu

Jamani kama una kichanga na umeambiwa atolewe damu, omba umnyonyeshe wakati wanamchoma. Siyo baada ya kumchoma, wakati ule ule. Wangu amechomwa kwa njia zote mbili, ile ya kulazwa mezani na hii ya kifuani, na ni mbingu na ardhi, hata baba yake ambaye sindano ikitajwa tu anatafuta mlango safari hii alibaki ndani mpaka mwisho.

Mara ya kwanza ilikuwa kipimo cha manjano, kule tulikojifungulia. Akalazwa mezani, mguu ukashikwa, akachomwa kisigino, damu ikagoma kutoka. Basi mtu akaanza kuminya, anaminya anaachia anaminya tena, na huko kuminya ndo kunakouma, kile kichomo chenyewe ni sekunde tu. Mwanangu alikunja uso, ngumi kazibana, akalia kile kilio cha kukatika pumzi mpaka na mimi machozi yakanitoka. Mama mkwe ananituliza eti kitoto cha siku chache hakijui maumivu. Simlaumu maana hadi miaka ya 1980 madaktari wenyewe waliamini hivyo, kuna vichanga walipasuliwa wakiwa na ganzi kidogo sana au bila kabisa!

Kipimo cha kurudia tukaenda kituo kingine tukampata nesi mmoja mama mtu mzima. Hakugusa vifaa kwanza, akaniambia "mama, mvue abaki na nepi, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye." Akasubiri mpaka mtoto ameshika titi vizuri na unasikia anameza, ndo akachukua mguu uliokuwa unaning'inia chini. Kifaa chake ni kidude kidogo cha plastiki chenye springi, kisu kimefichwa ndani, ukikibonyeza kinachoma kwa kina kilichopangwa halafu kinajirudisha chenyewe, siyo kile cha kuchomwa kwa mkono ambacho kina chake kinategemea mkono wa mtu. Akakiweka pembeni ya kisigino, siyo nyuma pale kwenye mzingo, akasema huko mfupa uko karibu mno na kwa vichanga kina cha kichomo hakitakiwi kuzidi milimita 2.4. Tone la kwanza akalifuta kwa pamba, yaliyofuata akayaacha yajikusanye yenyewe. Mtoto alishtuka, akaachia titi, akatoa ka-"eee" kamoja hivi, akarudi kunyonya. Basi, ndo ilikuwa imeisha hivyo.

Kwa ambaye hanyonyeshi au mtoto yuko kwenye mashine, nesi alisema kuna maji ya sukari, yale ya sukrosi asilimia 24, matone machache kwenye ulimi kama dakika 2 kabla ya kuchoma. Hiyo wanatoa wao kwa kipimo, msijitengenezee nyumbani, na asali ndo kabisa usithubutu kwa mtoto chini ya mwaka 1, inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaoleta botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli. Niliuliza pia krimu ya ganzi, akasema kwenye kisigino haisaidii kitu, na panadol vile vile. Ila kama inahitajika damu nyingi na aliyepo ni fundi kweli wa mishipa, kuvuta kwenye mshipa wa mgongo wa kiganja kunamuuma kidogo kuliko kisigino mtoto aliyezaliwa miezi yake imetimia, na mara nyingi hawarudii rudii kuchoma.

Sasa kwa nini hicho kituo cha pili nakipa nyota nne na siyo tano. Tuliporudi tena hapo hapo tukakuta kijana wa zamu ya jioni, akasema hapana weka mtoto mezani, akinyonya huku analia atapaliwa. Nikamwambia mwenzako alifanya na mtoto hakupaliwa, nenda kamuulize. Akaenda kweli, akarudi kimya, akavuta stuli akakaa usawa wa mguu, na kazi ikaenda vizuri tu tena mkono wake mwepesi kuliko nilivyotegemea. Ila mama mwenye kidonda cha uzazi na usingizi wa wiki nzima kichwani asingekuwa na nguvu za kubishana vile, kwa hiyo nyota ya tano naishikilia mpaka iwe ndo utaratibu wa kila zamu.