Kitanda cha kokoto au mboga za kuelea kwa akwaponiki ya nyumbani?

Akwaponiki ni kufuga samaki na kupanda mboga kwa maji yale yale yanayozunguka. Mboga unaweza kuzipanda kwenye kitanda kilichojaa kokoto, au kwenye ubao unaoelea juu ya maji, mizizi ikining'inia ndani. Mi nimetumia njia zote mbili, na kwa anayeanza nasema kokoto, tena bila kusita. Kitanda chenye kina cha sentimita 30 hivi kinachuja maji chenyewe, kinyesi cha samaki kinanasa kwenye mawe, bakteria wanakaa humo humo wanageuza amonia kuwa naitraiti afu naitreti ambayo ndo chakula cha mmea, na hata nyanya unapanda maana mizizi ina pa kushika. Shida ni uzito, na baada ya muda zinaziba, ukichimbua kwa mkono unakuta tope jeusi linanuka kama yai viza, hapo hewa haifiki tena chini, zitoe uoshe kwa maji ya tangi lenyewe, ya bomba yana klorini inaua bakteria.

Za kuelea ni tamu kwa saladi na mboga za majani, kuvuna ni kunyanyua tu. Ila lazima uwe na chujio pembeni na pampu ya hewa isiyozima, mizizi ikivaa uchafu inageuka kahawia na mmea unanyauka huku umesimama ndani ya maji, inauma kweli. Uzuri maji ni mengi kwa hiyo joto halibadiliki haraka, na msimu wa baridi hilo ni jambo kubwa sana, tilapia maji yakishuka chini ya digrii 20 anapunguza kula, nawe punguza chakula kisije kikaoza.

Sa hivi nimeziunganisha, maji yanapita kwenye kokoto kwanza ndo yaende kwenye za kuelea.